Dakika Ambazo Mkunga Hakusikia

Mabomba yalishushwa Jumatatu, manane, ya zege, yakalazwa kando ya korongo kusubiri kuzikwa. Kabula aliyaona alipofika na chakula cha mchana cha vibarua, na kabla hajatua hata sufuria alishaanza kuyapima kwa macho. Aliwagawia watu wali na maharage, akahakikisha kila mmoja ameshika sahani yake, kisha akachukua beseni lake kubwa la kuoshea vyombo, akaenda nalo mpaka kwenye bomba la kwanza na kulisukuma ndani. Liliingia nusu, likakwama.

Mumewe, Luhende, aliyekuwa kibarua papo hapo, aliacha sahani yake akamfuata.

"Mama Magreth, unafanya nini?"

"Napima."

"Umeletwa hapa kupika, si kupima. Litoe hilo beseni kabla watu hawajaona."

Watu walikuwa wameshaona, na wawili watatu walikuwa wanacheka huku wamejaza wali mdomoni. Kabula akalivuta beseni kwa nguvu, likatoka na mkwaruzo.

"Yote manane yanazikwa hapa?"

"Yanaunganishwa. Yanakuwa bomba moja refu, linaingilia upande huu wa barabara na kutokea ule."

"Bomba moja?"

"Moja."

"Kwa korongo hili?"

Luhende akatazama pembeni. Mwezi ule wa Septemba korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu na nyayo za mbuzi, na mgeni angeweza kuapa kwamba halijawahi kuonja maji. Lakini Luhende hakuwa mgeni. Mwaka juzi yeye mwenyewe alikimbia kandokando ya korongo hilo akikifukuzia kitanda cha mama yake, na hakukipata.

"Rudi kwenye sufuria zako," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Nyumba yao ilikuwa hatua arobaini kutoka barabarani, upande yanakotokea maji. Vyumba vitatu, bati juu, saruji chini. Hawakuijenga kwa mkopo wala kwa urithi. Waliijenga kwa mfuko mmoja wa saruji leo na bati mbili mwakani, miaka tisa mizima, na kama uliwahi kutafuta kiwanja Tabora ukiwa na kipato cha kubahatisha, unajua kwamba mtu wa namna hiyo hachagui kiwanja. Kiwanja ndicho kinachomchagua.

Miaka yote barabara ilikuwa ya vumbi na imelala chini, kwa hiyo korongo likifurika maji yaliruka juu ya barabara yakaenda zake. Nyumba ililowa, lakini ilisimama. Sasa barabara ilikuwa inainuliwa ili iwekwe lami. Tuta lilikuwa limefika kimo cha mtu mzima, limeziba bonde kutoka ukingo hadi ukingo, na tundu pekee la kupitishia maji lingekuwa lile lililoshindwa kumeza beseni. Kabula hakusoma zaidi ya darasa la saba, ila alijua ukilikinga korongo kwa ukuta unapata bwawa, na alijua nyumba gani ingekuwa ndani ya bwawa hilo.

Jioni ile walilizungumza mbele ya Bi Ngollo, mama yake Luhende, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi tangu kiangazi kilichopita na ambaye kwa sababu hiyo alikuwa na nafasi ya kutosha ya kusikiliza mambo ya watu.

"Elfu kumi na tano kwa siku," Luhende akasema. "Miezi minane. Lini nimewahi kupata kazi ya miezi minane? Ukimkosoa mhandisi mbele ya watu, kesho yake nyapara ananiambia nipumzike. Na wewe chakula chako hawakitaki tena."

"Na nikinyamaza?"

Luhende akaokota kiatu chake, akaanza kukikung'uta mchanga.

"Jibu, baba. Nikinyamaza, siku maji yakija, Mama tutamtoaje?"

"Msinifanye mimi mzigo wa mazungumzo," Bi Ngollo akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Ila nawaambia. Wapagazi wa zamani, hao babu zenu waliobeba pembe kwenda pwani, walipita njia hii hii. Masika wakilifikia korongo hili walitua mizigo wakalala ng'ambo mpaka maji yashuke. Siku mbili, tatu. Mwarabu mwenye mali akapiga kelele weee, hawakuvuka. Na hawakuwa na shahada."

"Mama, wapagazi hawakuwa wanalipwa kwa siku."

"Ndiyo maana walikuwa na akili," akasema Bi Ngollo, akageukia ukuta.

*

Mhandisi Shigela alikuwa kijana wa Nzega, mpole, mwenye heshima zake. Kila siku alimwamkia Kabula kabla ya kupokea sahani. Siku ya Jumatano alipomaliza "Shikamoo, mama" na kuitikiwa "Marahaba, baba," alinyoosha mkono kupokea chakula, lakini sahani haikuja.

"Mhandisi, bomba lile ni dogo."

Vibarua wakaacha kutafuna. Luhende akainamisha kichwa karibu kukizamisha kwenye maharage.

"Dogo kwa kipimo gani, mama?"

"Kwa beseni langu."

Kicheko kilipasuka. Hata Shigela alitabasamu, japo haraka alijizuia, maana hakuwa mtu wa kudharau. Akachuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye vumbi.

"Sikiliza, mama. Nimechukua mvua kubwa kabisa ya siku moja katika rekodi za kituo cha hali ya hewa. Milimita hamsini na mbili. Nikahesabu kwamba imeshuka kwa saa tatu. Mvua ya namna hiyo inarudi mara moja kila miaka kumi. Kwa mvua hiyo, bomba linatosha."

"Ikija kali kuliko hiyo?"

"Maji yatasubiri kidogo, kisha yatapita."

"Yatasubiri wapi?"

Kijiti kikasimama. Kabula akanyoosha mkono kuelekea nyumba yake, bati likimetameta juani.

"Yatasubiri pale. Chumbani kwa mama mkwe wangu."

Shigela aliitazama ile nyumba kwa muda, kisha akasimama na kukung'uta magoti.

"Mama, sikatai. Lakini siwezi kubadili mchoro kwa maneno. Ningehitaji kujua mambo mawili tu: mvua kubwa za hapa zinashuka kwa dakika ngapi, na zinarudi mara ngapi. Kituoni wanasoma kipimo mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Wananipa jumla ya siku nzima, hawanipi dakika. Una takwimu za dakika?"

Kabula akampa sahani yake.

"Basi tule, mama. Chakula kinapoa."

Alisema bila ubaya, na pengine ndiyo maana iliuma zaidi. Mtu akikutukana unapata la kujibu. Vibarua walicheka tena, mmoja akauliza kama beseni nalo lina shahada. Na alipokuwa anaosha vyombo, Saidi, nyapara wa pale, alikuja akasimama nyuma yake, akazungumza kama mtu anayezungumza na sufuria.

"Kuanzia kesho usilete. Tumepata mama mwingine."

Nyumbani kulikuwa na kilo sita za maharage zimelowekwa kwa ajili ya kesho yake.

*

Maharage yakishalowekwa hayarudi guniani. Alhamisi waliyala asubuhi, mchana na jioni, wakawagawia majirani, na jirani aliyepokea bakuli alijua kwa nini anapewa, akashukuru kwa sauti ya msiba. Luhende hakumlaumu mkewe. Ni heri angemlaumu. Alirudi kazini, akachimba, akarudi, akanawa, akala maharage bila kuinua macho.

Kabula alikuwa uani na Bi Ngollo, wanachambua mawe kwenye mchele. Bado ile kauli ilikuwa inamchoma.

"Dakika ngapi! Mama, nani anayeshika saa wakati mvua inambomolea nyumba?"

"Tuseme siku aliyozaliwa Magreth," Bi Ngollo akasema. "Ile ilikuwa mvua. Ilinyesha muda gani?"

"Siku hiyo mimi nilikuwa na hesabu zangu nyingine, Mama."

Wakacheka wote wawili. Kisha Kabula akaacha kucheka, mkono ukiwa bado ndani ya mchele.

Alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha zahanati ya kule juu linakoanzia korongo, uchungu umeshika, mvua ikaanguka juu ya bati. Si kunyesha, kuanguka. Mkunga, Bi Khole, alikuwa ameinama juu ya tumbo lake, kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto kimebanwa kati ya sikio na ngozi. Alikiweka, akakiondoa, akakiweka tena. "Sisikii," alikuwa anasema. "Bati linapiga kelele, sisikii kitu." Na kila mara, Kabula alikumbuka sasa kana kwamba anaona, Bi Khole alitazama saa ya ukutani, akaandika.

"Mama," Kabula akasema, "bakia na mchele. Nakwenda mjini."

*

Ukoo wa Bi Khole ulikuwa wa biashara tangu zama za misafara, vitambaa na chumvi, na mpaka leo nduguze wana maduka. Yeye peke yake ndiye aliyekwenda kusomea ukunga. Mwanzo kaka zake waliona haya. Baadaye waliona hakuna haya, wakawa wanamletea wake zao. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, na miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa.

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba. Karibu mwanangu, kaa. Ngoja, usiniambie. Wewe mtoto wako alitanguliza uso."

"Ndiye Magreth. Yuko kidato cha pili sasa, shule ya bweni."

"Alhamdulillahi. Alinitoa jasho yule."

Kabula alieleza kila kitu, tangu beseni mpaka maharage. Bi Khole hakucheka hata kidogo. Alinyanyuka polepole, akafungua sanduku chini ya kitanda, akatoa madaftari matatu yenye jalada gumu.

"Mkuu wangu wa kwanza wa kazi alikuwa mkali sana," akasema. "Mama akiwa na uchungu lazima usikilize moyo wa mtoto, kila nusu saa, na mwishoni kila baada ya dakika tano. Na unaandika. Nafasi tupu haikubaliki. Hukusikia? Andika kwa nini hukusikia, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi. Kwa sababu mtoto akifa, mwanangu, mvua haiitwi kujieleza. Anaitwa mkunga. Karatasi zenyewe zilibaki zahanati. Mimi nilinakili kwangu, bila majina, nijikinge."

Alifungua ukurasa, akausogeza karibu na pua. Katikati ya safu za mapigo ya moyo, kwa mwandiko mdogo wa wino wa buluu, kulikuwa na maneno: *Mvua juu ya bati. Sisikii.* Na kando zimeandikwa nyakati mbili, za kuanza na kukoma.

Kabula alishika kichwa.

"Ziko nyingi?"

"Miaka kumi na minne." Bi Khole akalifunga daftari ghafla, akaliweka kifuani. "Lakini haya ni ya akina mama. Ni siku walizokuwa uchi mbele yangu wanapiga kelele. Siwezi kumpa mwanaume akayafungue mezani kwake."

"Bi Khole, sitaki akina mama. Nataka mvua tu."

Yule mzee akamtazama, kisha uso wote ukalegea kwa kicheko.

"Tangu nizaliwe sijaombwa kitu kama hicho. Haya. Daftari langu haliendi peke yake. Nitakwenda nalo, na nitasoma mwenyewe."

*

Ofisi ya Shigela ilikuwa kontena lenye dirisha moja. Saidi aliwazuia nje, akasema mhandisi ana kazi.

"Na mimi nina miaka sabini na moja," Bi Khole akamwambia. "Kati yangu na yeye, nani mwenye muda mchache? Nipishe, baba."

Akapishwa. Shigela alinyanyuka, akampa kiti chake, na yeye akabaki amesimama. Kabula alisimama mlangoni.

"Nipe siku ya ile mvua yako kubwa," Bi Khole akasema.

Shigela akatafuta kwenye karatasi zake. "Januari, tarehe kumi na tisa." Akautaja na mwaka. Ulikuwa mwaka wa Magreth.

Bi Khole alifunua kurasa, akafika, akasoma kama anavyosoma mtu aliyezoea kusoma mbele ya daktari. "Saa nane na dakika hamsini, mvua juu ya bati, sisikii. Saa nane na hamsini na tano, sisikii. Saa tisa kamili, sisikii." Akaendelea hivyo hivyo, dakika tano baada ya tano, mpaka: "Saa tisa na dakika ishirini na tano, nasikia. Mapigo mia moja arobaini na nne."

"Dakika thelathini na tano," Shigela akasema polepole. "Na saa nyingine za siku hiyo? Haikunyesha?"

"Asubuhi niliwahi kuanika mashuka, yakakauka. Na jioni mimi mwenyewe nilitoka nikayaanika yale yaliyoloa."

"Jioni palikuwa na jua," Kabula akasema kutoka mlangoni. "Luhende alikuja kumwona mtoto, viatu amevishika mkononi. Alisema vumbi limekuwa tope lakini mbingu safi."

Shigela alichukua kikokotoo. Milimita hamsini na mbili kwa saa tatu: kumi na saba kwa saa. Hamsini na mbili kwa dakika thelathini na tano: themanini na tisa kwa saa. Alifuta, akabonyeza upya, taratibu, namba zikarudi zile zile.

"Mara tano," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mvua ni ile ile moja, milimita zile zile. Lakini inashuka kwa kasi mara tano ya ile niliyoandika."

"Ikishuka siku nzima ardhi inakunywa," Kabula akasema. "Ikishuka nusu saa inabeba vitanda. Na hizo saa tatu ulizitoa wapi, baba?"

"Kwenye ramani, mama. Ramani inaonyesha kule juu ni miombo. Maji kwenye msitu yanatembea polepole."

"Miombo ilishaishia kwenye majiko ya kukaushia tumbaku. Kule juu sasa ni bati tupu, nyumba kwa nyumba. Maji yanafika kwangu kabla sijaanua nguo."

Walihesabu pamoja siku zote za namna ile, zile ambazo bati lilimziba mkunga masikio kwa nusu saa na zaidi. Zilikuwa saba katika miaka kumi na minne.

"Mara moja kila miaka miwili," Shigela akasema. "Mimi nimeandika kumi."

"Hapana," Bi Khole akasema. "Hizo saba ni zile zilizomkuta mama yuko kitandani, na zamu ni yangu. Zilizonyesha nikiwa nyumbani nalala sikuziandika. Hapakuwa na moyo wa kusikiliza."

Shigela alivua kofia yake ngumu, akaiweka juu ya mchoro. Jasho lilikuwa linamtoka, na si la joto. Alikuwa ameutia sahihi mchoro ule kwa mkono wake.

"Siwezi kwenda kwa wakubwa na daftari hili peke yake," akasema hatimaye. "Watanicheka."

"Utazoea," Kabula akamwambia. Lilimtoka tu.

Shigela akamtazama, na pale pale akakumbuka jambo. "Mama, mbona siku hizi huleti chakula?"

Nje ya dirisha Saidi aliangalia viatu vyake kwa makini sana. Mhandisi akamtazama Saidi, akamtazama Kabula, akaelewa, na masikio yake yakawa mekundu kwa kadiri weusi unavyoruhusu.

"Nipeni siku nne," akasema.

*

Kituo cha hali ya hewa kiliwahi kuwa na kipimo kinachojichora chenyewe mvua kwa kalamu. Kiliharibika zamani, lakini karatasi za miaka mitatu zilikuwepo, zimefungwa kamba, juu ya kabati. Katika zile siku saba za Bi Khole, mbili ziliangukia ndani ya miaka hiyo. Shigela alifungua karatasi ya kwanza, akakuta kalamu imelala chini mchana kutwa, kisha imepanda wima, kisha imelala tena. Akapima kule kupanda kwa rula. Mkunga alikuwa amekosea dakika tatu. Karatasi ya pili, dakika moja.

Shigela alilieleza hili kwa Luhende, si kwa Kabula. Alimkuta Luhende ndani ya mtaro, akateremka humo humo, akamweleza. Na Luhende, ambaye wiki nzima hakuwa ameinua macho mezani, alirudi nyumbani akamshika mkewe bega mbele ya mama yake, akasema, "Mimi nilikuambia urudi kwenye sufuria. Nisamehe." Kwa mwanaume wa aina ya Luhende, hiyo ni hotuba.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda kwa wimbo. Shigela aliitwa na wakubwa zake, akaulizwa tangu lini barabara zinachorwa na wakunga, akarudi macho yamemwiva. Lakini karatasi za kalamu zilikuwa mkononi mwake, na kalamu haibishaniwi. Mabomba manane yalipakiwa yakapelekwa kwenye vichochoro vya juu, na kwenye korongo likajengwa kalavati la pembe nne, la milango miwili, kila mlango mtu anapita ameinama kidogo. Fedha hazikuongezwa hata shilingi. Zilikatwa kwenye lami, na lami ikaishia mita mia tatu kabla ya pale ilipopangwa, yaani mita mia tatu kabla ya kona ambapo Kabula alikuwa ameota kufungua kibanda chake cha chakula. Waliobaki kwenye vumbi walisema wazi, wengine mbele yake, kwamba Kabula amewanyima lami kwa sababu ya kitanda cha mkwewe. Kabula aliwasikia. Alirudi kuleta chakula cha vibarua, akawapikia mpaka siku ya mwisho, akamgawia Saidi sahani iliyojaa kuliko zote, na hiyo ndiyo adhabu pekee aliyompa.

*

Mvua yenyewe ilikuja Desemba, alasiri, zege likiwa limekauka wiki tatu tu. Mawingu yalitokea upande wa Goweko, upepo ukakusanya mifuko na majani, kisha bati likaanza kupiga kelele mpaka Kabula na Luhende wakawa wanaongea kwa mikono. Kabla ya robo saa, korongo liliunguruma.

Luhende aliingia chumbani kumbeba mama yake. Bi Ngollo alimsukuma.

"Niache! Nataka kuona hesabu."

"Mama, maji yanakuja!"

"Nisogeze mlangoni, ndiyo. Kunitoa, hapana."

Wakamsogeza na mkeka wake mpaka kizingitini, na watatu wakatazama. Maji mekundu yalishuka na matawi, na mlango wa choo wa mtu, na bata mmoja aliyekuwa hai na amekasirika. Yalifika kwenye tuta, yakajigonga, yakainuka. Kabula alishika mkono wa mumewe akaubana mpaka kucha zikaingia. Maji yakapanda tena. Kisha yakaonekana yakiinama, yakijipanga, yakiingia kwenye ile milango miwili kwa kishindo, na upande wa pili wa barabara yakatokea yakiwa bado yanakimbia. Yalipanda mpaka shubiri moja chini ya dari ya kalavati. Pale yakakaa. Hayakugusa ua.

Juu ya tuta mtu mmoja alikuwa amesimama mvuani bila mwavuli, ameshika fimbo ndefu yenye mistari ya rangi. Alikuwa Shigela. Hakuondoka mpaka mvua ilipokwisha, na ndipo alipoteremka, tope mpaka mapajani, akasimama uani akitweta.

"Dakika arobaini na moja," akasema. "Shikamoo, bibi. Shikamoo, mama."

"Marahaba," wakaitikia.

Akautazama ukuta wa nyumba, akaenda kwenye dirisha la chumba cha Bi Ngollo, akaweka kiganja juu kidogo ya kizingiti chake.

"Kwa lile bomba, sasa hivi yangekuwa hapa." Alikiacha kiganja pale ukutani. "Ningeishi nalo vipi, mama? Mimi nilikuwa nimeshatia sahihi. Ungenyamaza tu, ungekuwa na haki yako, tulikucheka. Nimekuja kukushukuru."

Kabula alikuwa ameandaa shukrani zake tangu kalavati lilipofunguliwa, maneno mazuri kabisa, na sasa yote yalimpotea. Angeweza kukataa kunisikiliza, alikuwa anawaza. Wangapi wangekubali kuvua kofia mbele ya beseni?

"Na mimi nakushukuru, baba," akasema. "Ulikubali kuhesabu upya."

"Kijana," Bi Ngollo akaita kutoka kizingitini, "mkeo yuko wapi akuletee nguo kavu?"

"Sijaoa, bibi."

"Mungu akupe, na akupe mwenye kelele kama huyu wetu."

Luhende akacheka mpaka akaegemea ukuta, akampa mhandisi shati lake, akamsindikiza barabarani. Kabula akabaki peke yake mlangoni. Akavua ndala zake, akaingia. Akatembea pekupeku kutoka sebuleni hadi chumba chao, kutoka chumba chao hadi chumba cha mama mkwe, polepole, akiikanyaga saruji kwa unyayo mzima, kona kwa kona, chini ya kitanda hadi akapiga magoti na kupapasa kwa kiganja. Palikuwa pakavu kote. Akaketi pale pale chini, akalia kwa furaha, akasema ahsante, ahsante, mpaka Bi Ngollo akamwita amletee chai.